Kiungo na Uumbaji: Mapambo Mseto ya Shaba na Malakiti katika Nchi ya Tshangalele

Kitenzi kuumba, katika Kiswahili cha leo, kimetengewa Mungu kwa kiasi kikubwa, ilhali kwa kazi ya binadamu lugha ina vitenzi vingine ambavyo kila kimoja kina mpaka wake: kufua ni kuigonga metali kwa nyundo mpaka ichukue umbo, kufinyanga ni kuukanda udongo mpaka uwe chombo, kuunda ni kukusanya sehemu nyingi zipate kuwa kitu kimoja, kama fundi wa majahazi afanyavyo, na kuunga ni kuvikutanisha vitu viwili visivyokuwa pamoja ili visitengane tena kwa urahisi. Mgawanyo huu wa maneno umebeba swali la kale la wanateolojia na wanafalsafa, nalo ni kama binadamu anaweza kuleta kitu kipya duniani au kazi yake yote ni kuvihamisha tu vile alivyovikuta. Ni kazi chache zinazoliweka swali hilo wazi kama utengenezaji wa mapambo mseto, yaani vidani, bangili, hereni na pete zinazotengenezwa kwa mikono kwa kukutanisha vitu vya asili mbalimbali, metali na jiwe, mfupa na ushanga, mti na uzi, katika pambo moja. Mtengenezaji wa pambo la namna hiyo hakuifanya shaba wala hakuliotesha jiwe. Lakini kinachotoka mkononi mwake hakikuwapo asubuhi, na jioni kipo, na mtu anakivaa na kutambuliwa kwacho.

Nchi inayofaa kuliulizia swali hili ni bonde la mto Lufira katika Haut-Katanga, kusini-mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali ambapo mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni, unapakana na machimbo na viwanda vya shaba, na ambapo ziwa Tshangalele limetanda upande wa mashariki wa mji. Hata jina la nchi liliwahi kuwa jina la metali, na tena kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu mwaka 1971 hadi 1997 jimbo lote la Katanga liliitwa Shaba. Watu wa Likasi na Lubumbashi huyafahamu mapambo ya malakiti tangu utoto, yale mawe ya kijani yenye mistari iliyokolea na iliyofifia kwa zamu, yanayokatwa na kusuguliwa yawe shanga, mioyo, mayai na vidani, pamoja na misalaba midogo ya shaba inayotundikwa kifuani. Kwa kuwa vitu hivi vimezoeleka mno, ni rahisi kuvidhani kuwa ni bidhaa za wageni wapitao tu. Dhana hiyo haivitendei haki, na sababu ya kwanza imo ndani ya jiwe lenyewe.

Malakiti ni karbonati ya shaba iliyoshikamana na maji, maana yake ni shaba iliyokaa ardhini muda mrefu sana ikiungana na hewa ya ukaa na unyevu mpaka ikawa jiwe. Jiwe hilohilo ndilo madini ambayo wayeyushaji wa kale walipata shaba kutoka kwayo: likitiwa tanurini pamoja na makaa, maji yake na hewa yake hutoka kwanza, linabaki jivu jeusi la oksidi, kisha makaa huiondoa oksijeni iliyobaki na shaba hudondoka, nayo huwa kimiminika inapofika takriban nyuzi 1,085 za Selsiasi. Na shaba nayo, ikiachwa kwenye unyevu, hujivika kutu ya kijani ambayo kwa sehemu ni karbonati ya aina ileile, kama kwamba inatafuta njia ya kurudi kwao. Fundi anayelifunga jiwe la malakiti kwa waya wa shaba hajakutanisha, basi, vitu viwili vilivyo wageni kabisa. Amekutanisha metali ileile katika hali mbili, moja iliyopita motoni na nyingine ambayo haijapita, na pambo lake limekuwa historia fupi ya shaba inayoweza kuvaliwa shingoni. Mtu hahitaji kujua kemia ili aone uzuri wake, lakini anayeijua huona kwamba uzuri huo una maana.

Maana hiyo inaingia mpaka katika utaratibu wa kazi. Malakiti ni jiwe laini, lenye ugumu wa kati ya 3.5 na 4 kwa kipimo cha Mohs, kipimo ambacho huanza na 1 kwa mawe malaini kuliko yote na kufika 10 kwa almasi, kwa hiyo hukwaruzwa na chuma, huliwa na asidi ya ndimu, na likipata moto hupoteza rangi na kuwa jeusi. Shaba, kinyume chake, inauhitaji moto: kila inapogongwa huzidi kuwa ngumu na mwishowe hupasuka, mpaka fundi aipashe iwe nyekundu ndipo ilegee na kukubali tena nyundo. Kwa sababu hiyo anayeviunga hana hiari ya kuanza popote apendapo. Moto wote lazima uishe kwanza, shaba iwe imekwisha kupashwa, kukunjwa na kusafishwa, ndipo jiwe liletwe na kukalishwa mahali pake kwa kuinamisha kingo za metali juu yake au kwa kulizungushia waya. Vilevile jiwe hukatwa likiwa limelowa maji, kwa kuwa vumbi lake lina shaba na ni sumu kwa mapafu. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya maadili hulisema kwa shida na mikono hulifundisha kwa wepesi, kwamba kuunga kunadai kujua kila kimoja kinastahimili nini, na kwamba kisichostahimili ndicho kinachoamuru mpangilio wa kazi.

Ufundi huu haukuanza na masoko ya leo, wala haukuwahi kusimama mahali pamoja. Kandokando ya ziwa Kisale, kaskazini mwa bonde hili, mahali panapoitwa Sanga, wanaakiolojia Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walianza mwaka 1957 kuchimbua makaburi ambayo Pierre de Maret aliendelea kuyachimbua miaka ya 1970, na yaliyo ya kipindi kinachoitwa Kisali, hasa kati ya karne ya 10 na ya 13, yalikuwa na vyungu vizuri vya udongo pamoja na mikufu na bangili za shaba, vitu vya chuma, pembe za ndovu na kauri, yaani yale makombe madogo ya Bahari ya Hindi ambayo yalipita mkono kwa mkono njia ndefu mno mpaka kufika katikati ya bara. Ukubwa wa vyungu ulilingana na umri wa marehemu, hivi kwamba mtoto alizikwa na vidogo. Watu waliopanga makaburi hayo walikuwa tayari wanajua kwamba pambo huwekwa kwa uwiano, na kwamba kitu cha mbali na kitu cha karibu vinaweza kukaa katika mwili mmoja. Katika karne zilizofuata ilionekana misalaba midogo ya shaba yenye mikono inayofanana na herufi X, ambayo kadiri miaka ilivyopita ilizidi kuwa midogo na kulingana, ikawa fedha. Ni umbo hilohilo lililowekwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960 na kwenye sarafu zake za 1961. Inafaa kuongeza kwamba msalaba huo haukutokana na Ukristo, ingawa leo huvaliwa na Wakristo wengi bila mgongano wowote mioyoni mwao.

Kisha katika karne ya 19 walikuja Wayeke kutoka Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, wakiongozwa na Msiri aliyeweka makao yake Bunkeya na kuuawa huko tarehe 20 Desemba 1891. Sifa ya Wayeke katika historia ya ufundi ni kwamba walieneza uvutaji wa waya, yaani kuipitisha fito ya shaba katika matundu ya bamba la chuma, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, mpaka shaba iwe nyembamba kama uzi na iweze kusukwa kuwa bangili laini. Wenyeji hawakuikataa mbinu hiyo kwa kuwa ni ya wageni, na wageni hawakuikataa shaba kwa kuwa si ya kwao. Wanaopenda kuuliza kama mbinu mpya huharibu mila hupata hapa jibu la ukweli wa mambo, kwamba katika nchi hii mila yenyewe imejengwa kwa mbinu mpya zilizopokewa na kufanywa za nyumbani. Kilichokata kamba ni kampuni ya machimbo ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo ilichukua machimbo na kuukomesha uyeyushaji wa wenyeji, wale ambao mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne aliwaeleza katika maandishi yake ya mwaka 1926 kwa jina la walaji wa shaba. Shaba iliendelea kutoka, tena nyingi kuliko zamani zote, lakini ilitoka bila kupita katika mikono iliyojua kuivaa.

Kwa swali la wapi kipya kinakaa, ushahidi ulio bora kuliko wote ni lukasa ya Waluba, jirani wa kaskazini wa bonde hili. Lukasa ni ubao wa mti unaoenea mkononi, uliopigiliwa shanga za rangi na ukubwa tofauti, mara nyingine pamoja na kauri na vipande vya metali, ambao wajuzi wa chama cha Mbudye waliutumia kukumbuka na kusimulia habari za wafalme, za koo, za safari na za mahali patakatifu. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kusomwa kuwa mtawala aliyezungukwa na watu wake. Lakini ushanga huo, ukitolewa na kuwekwa kiganjani, hausemi kitu. Hausemi kwa sababu maana haikuwa ndani ya kioo, ilikuwa katika ukaribu wa kioo na kioo kingine, na katika kidole cha msomaji kilichopita kutoka hiki kwenda kile, tena wasomaji wawili waliweza kuusoma ubao mmoja kwa namna mbili kulingana na hadhara iliyokuwapo. Lukasa ni pambo mseto lililofikia daraja la kitabu, na linathibitisha kwamba kuunga si kazi duni inayofuata uumbaji kwa mbali. Kipya kinakaa kwenye kiungo.

Kauli hiyo inahitaji kulindwa dhidi ya matumizi mabaya, maana ni rahisi kuigeuza kuwa tangazo la kile ambacho eti Wabantu wote hufikiri. Padre Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya kazi katika Katanga tangu miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1945 huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, akidai kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu za viumbe huathiriana, kukua na kupungua kwa kuhusiana. Kutokana na mafundisho yake kilizaliwa chama cha Kikatoliki kiitwacho Jamaa, kilichoenea kwa Kiswahili miongoni mwa familia za wafanyakazi wa machimbo, na ambacho kilizungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo kama mambo matatu ambayo kila mtu huyatafuta. Wanafalsafa wa baadaye, Paulin Hountondji akiwa mmojawapo, walimkosoa kwa haki, kwamba falsafa haiwezi kuwa mali ya kabila zima lisilojua kuwa inayo, na kwamba lazima awepo mtu anayesema, anayejibu na anayeweza kukosea. Ukosoaji huo unakubalika hapa kabisa. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi na kinaweza kuchunguzwa: kwamba vitu vyenyewe, kidani, bangili na lukasa, vimebeba uamuzi wa mafundi waliovifanya, na uamuzi ni aina ya fikra hata kama haukuandikwa. V. Y. Mudimbe, mwanafalsafa aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu uvumbuzi wa Afrika kwamba ukoloni, kwa asili ya neno lake la Kilatini, ni kulima na kupanga, yaani kuyapanga upya maeneo ya wengine yafuate mfano wa mpangaji. Kiluba humwita Mungu Shakapanga, jina lenye maana ya Muumba, na sikio la Mswahili haliwezi kuacha kusikia ndani yake kitenzi kupanga. Iwapo kupanga ni kitendo kikubwa kiasi hicho, basi tofauti kati ya mpangaji anayehuisha na mpangaji anayenyang'anya ni jambo la kidini, si la ladha tu.

Maandiko ya Wayahudi na Wakristo yanaionyesha tofauti hiyo kwa mapambo hasa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Bezaleli anatajwa kuwa amejazwa roho ya Mungu, na matunda ya roho hiyo ni ustadi wa dhahabu, fedha na shaba, ukataji wa vito vya kutiwa mahali pake, na uchongaji wa miti; kwa maneno mengine, mtu huyo aliyejazwa roho alikuwa fundi wa vitu mseto. Sura inayofuata inasimulia juu ya ndama wa dhahabu, ambaye naye alitengenezwa kwa mapambo, kwa pete za masikioni zilizokusanywa kutoka kwa watu. Wahubiri wengi huishia kwenye ubaya wa sanamu, lakini inafaa kuangalia pia namna kila kitu kilivyotengenezwa. Pete zilizoingia katika ndama ziliyeyushwa zote zikawa uji mmoja, hivi kwamba hakuna aliyeweza tena kusema hii ilikuwa yangu, hii ilikuwa ya mama yangu. Kifuko cha kifuani cha Haruni, kinachoelezwa katika sura ya 28, kilitiwa mawe 12 ya rangi mbalimbali, kila moja likichorwa jina la kabila, kila moja likiwa katika kijalizo chake cha dhahabu. Na lile birika la shaba la sura ya 38 lilitokana na vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema, na mwandishi hakuona kuwa ni jambo dogo mno kulitaja. Ndama alikuwa mchanganyiko uliofuta majina; kifuko kilikuwa muungano ulioyahifadhi.

Wapo wanaoona kwamba mtetezi wa mapambo anapaswa kwanza kumjibu mtume Petro, ambaye katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, aliwaonya wanawake juu ya kujipamba kwa nje, na nabii Isaya, ambaye katika sura ya 3 alihesabu bangili, vikuku na mikufu ya mabinti wa Sayuni kabla ya kutangaza kwamba vitaondolewa. Katika makanisa kadhaa ya Kongo onyo hilo limekuwa amri, na mwanamke anayeokoka huvua hereni zake. Onyo hilo si la kupuuzwa. Isaya alikuwa akisema na watu waliowanyang'anya maskini, na orodha yake ndefu ya mapambo inafuata mara tu baada ya kuwashitaki wazee na wakuu kwa mali ya maskini iliyomo nyumbani mwao. Kosa halikuwa kung'aa, lilikuwa kutouliza king'aacho kimetoka wapi. Qurani nayo, katika sura ya Al-Aaraf, aya ya 32, inauliza ni nani aliyeharamisha pambo la Mwenyezi Mungu alilowatolea waja wake, ingawa sheria ya Kiislamu imeweka mipaka, kama vile kuwakataza wanaume dhahabu. Mapokeo haya yote mawili yanaelekea kukubaliana kwamba pambo halihukumiwi peke yake, bali pamoja na njia lililopitia.

Kwa kipimo hicho mbinu mpya zinaweza kupimwa bila woga na bila ushabiki. Waya wa shaba unaotolewa katika mota mbovu na kusukwa upya kuzunguka jiwe ni mbinu mpya iliyo halali kabisa, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ni nzuri kuliko nyingi za zamani, kwa sababu humrudishia fundi shaba ambayo kiwanda kiliichukua. Gundi ya epoksi ina utata zaidi: huokoa jiwe lililopasuka, lakini pia humruhusu mvivu abandike badala ya kuunga, na kiungo cha kubandika hakimlazimishi fundi kujua tabia ya kimojawapo kati ya anavyovibandika. Mbaya zaidi ni malakiti ya uongo inayozunguka katika masoko ya dunia, ambayo ni plastiki iliyochorwa mistari, au unga wa jiwe uliogandishwa kwa gundi na kuuzwa kana kwamba ni jiwe zima. Unga huo unaosemwa wazi kuwa ni unga hauna kosa, kwa kuwa hata mabaki yana haki ya kutumika. Kosa ni kumficha mnunuzi ukweli. Na kuna mawe ambayo hayafai kuvaliwa hata yawe mazuri namna gani: Shinkolobwe, machimbo ya urani yaliyo karibu na Likasi, ambako ilitoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, pana madini ya manjano na ya kijani yanayopendeza sana machoni, na mionzi yake haijali uzuri wake.

Hapo ndipo ziwa lenyewe linapoingia katika hoja. Tshangalele si ziwa la asili. Lilitokea Lufira ilipozuiwa kwa bwawa la Mwadingusha, kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1930 ili kuvipa nguvu viwanda vya shaba, na maji yake leo yana samaki, ndege wengi na vijiji vya wavuvi, hata bonde hilo likaandikishwa na UNESCO kuwa hifadhi ya viumbe hai mwaka 1982. Lakini vijito vinavyopita Likasi, Panda kikiwa kimojawapo, vimeleta humo kwa miongo mingi maji machafu ya viwanda vya kuyeyushia na kusafishia shaba, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa nje wamepima shaba, kobalti, risasi na kadmi katika matope, katika samaki na katika miili ya watu. Metali ile inayopendeza kifundoni mwa mkono ndiyo iliyotua chini ya ziwa. Tofauti haiko katika metali, kwa kuwa ni moja. Iko katika namna ilivyokutanishwa na kitu kingine: kwenye bangili, fundi aliiuliza kila sehemu inastahimili nini na akaanza na isiyostahimili, kwenye ziwa, hakuna aliyemuuliza samaki. Tshangalele ni mchanganyiko kwa maana ileile ambayo ndama alikuwa mchanganyiko, na wavuvi wake ni kama wenye pete zilizoyeyushwa, wasioweza kuonyesha kipande kilicho chao.

Fundi wa Likasi hawezi kulisafisha ziwa, na si haki kumbebesha deni la viwanda. Anaweza hata hivyo kufanya mambo ambayo yako ndani ya uwezo wake: kukusanya maji ya kukatia jiwe yatuame, asiyamwage mferejini na vumbi lake; kumwambia mnunuzi jiwe limetoka wapi na kama ni zima au ni unga; kuwafundisha vijana kuufunga waya kabla ya kuwaonyesha chupa ya gundi. Wanunuzi nao, wawe wa Lubumbashi, wa Dar es Salaam au wa Brussels, wanaombwa kuuliza maswali hayo kabla ya kuuliza bei. Maji yanayopita Tshangalele huvuka bwawa la Mwadingusha, huteremka na Lufira kuelekea kaskazini, na huishia katika maziwa ya Lualaba huko Kisale, kando ya makaburi ya Sanga, ambako watoto wamelala na bangili zao za shaba na vyungu vyao vidogo.